Juu ya Ua la Biblioteke Lililokuwa na Njaa ya Mwangaza



Tangu mwezi wa kwanza mmeona vyungu vinne vya maua vimetawanyika katika shule yetu: kimoja juu ya kabati ya biblioteke, kimoja kwenye dirisha la biro ya Bwana Prefe, kimoja kwenye dirisha la chumba cha kulia upande wa magharibi, na kimoja inje kwenye ngazi za baraza, ambacho kilidumu pale siku chache tu. Wengi walituuliza maana yake. Wengine hawakuuliza, walisema tu ya kwamba makapita wa mwaka wa sita wamekosa kazi, na huku Mutihani wa Serikali unakaribia. Mwalimu anayesimamia gazeti letu ametupatia karatasi mbili za stensile kusudi tueleze mambo hayo. Tutaeleza yote, hata sehemu isiyotupendeza sisi wenyewe.

Ua lenyewe mnalijua. Ni lile dogo lenye majani ya mviringo, yenye manyoya laini kama sikio la mwana-mbuzi, na maua ya zambarau yenye jicho la manjano katikati. Kwa Kifaransa linaitwa violeti ya Usambara, ingawa halina ujamaa na violeti ya kweli. Lilifika hapa kwa njia ya Mama mmoja, mke wa mwalimu wetu wa zamani, ambaye alichomeka jani moja tu katika kopo la maziwa lenye udongo. Jani likatoa mizizi, kiisha likatoa watoto, na mtoto mmoja Mama akampa Bwana Prefe. Kwa muda wa miaka mitatu lilikaa ku dirisha la biro yake, upande jua linapotokea, na karibu kila mzazi aliyekuja kulipa minervali alilikuta limechanua.

Mwaka jana, wakati wa likizo kubwa, biro ilipakwa rangi na vitu vyote vikatolewa. Ua likaletwa biblioteke. Na hapa tuseme wazi: sisi ndio tuliosema liwekwe juu ya kabati ya kamusi. Tulifikiri uzuri tu, ya kwamba mtu akiingia atalitazama mara moja. Kabati ile iko pembeni, mita nne kutoka dirishani, na mbele ya dirisha unasimama mti wa avoka. Juu ya mwangaza hatukuwaza hata neno moja. Machoni petu biblioteke ilikuwa nyeupe, tulisoma humo mchana kutwa bila taa; basi tukaona ua nalo linaweza kukaa humo vizuri kama sisi.

Septemba tulimpa mtoto mmoja wa mwaka wa pili kazi ya kulimwangia maji. Maua yaliyokuwapo yakaanguka, na mapya hayakuja. Oktoba hakuna. Novemba hakuna. Majani yakarefuka mikia, yakanyoshwa upande mmoja kama watoto wanaochungulia mupira juu ya ukuta. Bwana Prefe akapita, akauliza: “Maua yangu imekuwa namna gani?” Sisi tukamwita mtoto yule. Akajibu: “Kapita, mi niko namwangia maji kila siku, hata siku ya yenga.” Hatukumsadiki. Tukampa jumamosi mbili za kukata majani na kupekupe nyuma ya vyoo, na tena tukamwamuru aongeze maji. Naye aliongeza, kama alivyoagizwa. Kufika Krismasi, majani ya chini yalikuwa yamelegea na yameanza kuoza kwenye shina.

Mwezi wa kwanza, Mama yule alikuja kusalimia jamaa za shule. Alipoingia biblioteke alitushusha chungu kutoka kabatini, akatia kidole katika udongo, akageuka kutazama dirisha, akacheka kidogo.

“Watoto wangu, hii maua haina kiu. Iko na njaa.”

Tukauliza: “Mama, tuipatie mbolea?”

“Apana. Chakula yake njo mwangaza. Mumeiweka mu kaburi, kiisha mumeanza kuinywesha.”

Kwa wale wa bio-chimi neno hili halikupasa kuwa jipya, sababu tumelisoma tangu mwaka wa tatu. Jani linavuta gazi kaboniki katika hewa, mizizi inaleta maji, na klorofile, ile rangi ya kijani, inatumia nguvu ya mwangaza kuviunganisha hivi viwili kuwa sukari. Kwa sukari hiyo mmea unajenga kila kitu chake. Udongo unatoa chumvi chache tu, maji si chakula. Tuliandika hayo katika mutihani na kupata pointi nzuri. Lakini hakuna kati yetu aliyeinua macho kutoka daftari na kutazama juu ya kabati.

Mtu atauliza: kama lilikuwa na njaa, kwa nini halikufa? Ni sababu kuishi na kuchanua si gharama moja. Jamaa iliyo na unga wa kula siku kwa siku inaweza kuendelea hivyo mwaka mzima, lakini haiwezi kufanya karamu ya harusi. Ua ni harusi ya mmea. Katika mwangaza kidogo mmea unalipa kwanza pumzi yake na majani yake. Ikibaki kitu, ndipo unapotoa maua. Kwetu hakikubaki kitu. Kwa hiyo ukiona ua la ndani ya nyumba lina majani ya kijani, tena kijani sana, lakini limekataa kuchanua miezi na miezi, usikimbilie maji wala mbolea. Tazama kwanza pahali linapokaa.

Lakini tulikosaje, sisi wenye macho mazima? Kosa liko katika macho yenyewe. Jicho la mutu linajirekebisha: katika giza mboni inafunguka, katika jua inajifunga, na tunaona sawasawa pote pawili, tukidhani tofauti ni ndogo. Si ndogo. Mwangaza unapimwa kwa lukse. Jua kali la saa sita ya mchana, bila mawingu, linafika karibu lukse 100,000. Ndani ya nyumba, mbali na dirisha, mara nyingi ni chini ya 500. Mutu anasoma kitabu vizuri kwa lukse 500 na haombi zaidi. Violeti ya Usambara inapenda karibu 10,000. Angalieni basi: pahali tulipoona panatosha, kwa ua palikuwa kama kumpa mtu kijiko kimoja cha bugali kwa siku.

Shule yetu haina chombo cha kupima lukse, na wengi wenu kwenu hamtakuwa nacho. Lakini kuna njia mbili ambazo hazilipwi.

Ya kwanza ni ya mkono. Karibu na saa sita, siku isiyo na mawingu mazito, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu. Shika mkono wako juu yake, sentimeta 30 hivi. Kama kivuli kina mipaka mikali na vidole vyote vinahesabika, mwangaza ni mwingi kupita kiasi kwa ua hili. Kama kivuli ni laini, unajua ni mkono lakini pembe zake zimefifia, pahali ni pazuri. Kama karatasi haionyeshi kivuli, au kinaonekana kama moshi tu, ua halitachanua hapo. Juu ya kabati ya kamusi tulijaribu mara tatu. Karatasi ilibaki nyeupe kama vile hakuna mkono.

Ya pili tuliipata kwa Mama, nayo ilitushangaza zaidi. Alisema: “Weka kichwa yako pale maua inakaa, kiisha angalia unaona nini.” Kapita mmoja akapanda juu ya kiti, akaweka shavu lake pembeni ya chungu. Kabati ile ina urefu wa mita mbili, na dirisha linaishia chini zaidi ya hapo. Kutoka pale juu hakuona mbingu hata kidogo. Aliona sakafu, miguu ya meza, na majani ya avoka. Sasa, mchana mwangaza karibu wote unatoka mbinguni, ama katika jua lenyewe ama katika mawingu na bluu ya juu. Mmea usioona kipande cha mbingu unakula makombo yaliyoruka kutoka sakafuni na ukutani. Tena jambo hili linaeleza kwa nini hatua chache ndani ya chumba zinapunguza mwangaza sana: kila hatua, kipande cha mbingu kinachoonekana katika dirisha kinakuwa kidogo zaidi. Jaribuni ninyi wenyewe ku dortwari usiku usijafika. Simameni dirishani, kiisha rudini nyuma hatua kwa hatua, mkiangalia mbingu tu.

Sasa wengine watasema: kama mwangaza ni chakula, tulitoe ua inje, lishibe kabisa. Sisi nasi tulisema hivyo, na chungu cha barazani kilitufundisha. Ili kuelewa, lazima tujue kwao na ua hili ni wapi.

Kwao si Ulaya, ingawa watu wengi wanafikiri hivyo kwa kuliona katika nyumba za Wazungu. Kwao ni Afrika, tena upande wa jirani zetu wa Tanzania, katika milima ya Usambara na milima mingine ya karibu. Mwaka wa 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga katika koloni ya Wajerumani, alilipata na kulituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka wa 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, aliliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza ni la jamaa ile ya Saint Paul, si la mtume Paulo kama mmoja wetu alivyotangaza darasani. La pili ni Kigiriki, maana yake maua kama ya violeti. Tangu 2015 wataalamu wameliingiza katika kundi la Streptocarpus, lakini wauzaji na akina mama wanaendelea na jina la zamani. Wenyeji wa Usambara walikuwa wakipita karibu nalo tangu zamani, bila shaka, lakini jina katika vitabu lilikwenda kwa mgeni.

Kule Usambara linaota kwenye mawe, pembeni ya vijito, chini ya miti mikubwa ya msitu. Jua la moja kwa moja linalifikia kwa vipande vidogo tu, linapopenya kati ya majani. Lakini msitu wa mlima si kabati. Mbingu yote iko juu, na mwangaza unashuka kila upande, umechujwa. Hicho ndicho tunachopaswa kuiga: mwangaza mwingi, lakini uliochujwa. Mahali pengi pa msitu ule pamekatwa, na aina nyingine za ua hili ziko katika hatari ya kwisha kwao, huku watoto wake wanajaza madirisha ya dunia nzima. Miti ikikatwa, jua linapiga mawe moja kwa moja, na majani haya hayawezi kulivumilia.

Turudi kwenye vyungu vyetu. Mama alituazima vyungu vitatu, vyote watoto wa jani lile lile, vyote vimechanua. Pamoja na mgonjwa wetu vikawa vinne. Mtoto wa mwaka wa pili, yule yule, ndiye aliyeandika daftari. Tulimwomba, hatukumwamuru, naye alikubali kwa sharti ya kuwa na rula yake mwenyewe.

Chungu cha kwanza cha Mama tulikiweka juu ya kabati, pale pale pa kaburi. Katika juma la tano ua la mwisho lilianguka. Kufika Pasaka hapakuwa na jipya. Mikia ya majani ilikuwa na sentimeta 4, ikafika 7, yote imeinama upande wa dirisha. Mtoto alikimwangia maji pale tu udongo ulipokauka juu. Maji yalikuwa sawa, mmea ulikuwa mzima, chungu kilikuwa kizuri. Kwa hiyo kesi ya Novemba imehukumiwa tena, na mshitakiwa hakuwa na kosa.

Chungu cha inje ni habari fupi. Mwezi wa kwanza mvua ilikuwa imepumzika kidogo, na jua lilipiga ngazi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Siku ya tatu majani yalipauka. Siku ya tano yalikuwa na madoa ya kahawia, makavu, kama karatasi iliyoguswa na pasi. Tulikiondoa. Hakikufa, lakini kilipoteza majani sita, na Mama hakufurahi. Nguvu ikizidi kile jani linachoweza kutumia, inaharibu klorofile yenyewe, kama vile mota inayolazimishwa kupita kiasi inavyojiunguza.

Chungu cha chumba cha kulia kilitupa masomo mengi zaidi. Dirisha lile linatazama magharibi. Asubuhi ni kivuli kizuri, lakini kuanzia saa nane jua linaingia lote, na wakati ule hewa imekwisha kupata moto. Mwanzo tulishangilia, maua yalikuwa mengi kuliko yote. Juma la nne majani yakaanza kuwa manjano-manjano, yakajikunja kushuka chini, yakikumbatia chungu kama kuku anayefunika watoto. Hiyo ni alama: mmea unapunguza uso wake mbele ya jua. Tulichukua kipande cha chandarua cha zamani, tukakikunja mara mbili, tukakitundika mbele ya kioo. Baada ya majuma matatu majani yalinyoka na rangi ikarudi. Rido nyeupe nyepesi ingefanya kazi ile ile, lakini chumba cha kulia hakina rido, na chandarua kilikuwapo.

Na mgonjwa wetu alirudi biro, dirisha la mashariki. Hatukumweka mara moja kwenye kioo. Jani lililoota gizani ni laini, na likiwekwa ghafula katika mwangaza mwingi linaungua hata pale ambapo jani jingine lingestarehe. Juma moja alikaa mezani, mita moja na nusu kutoka dirishani; juma la pili akasogezwa; la tatu akafika. Jua la asubuhi halina ukali, tena paa linaanza kulizuia mapema. Tukangoja. Juma la nane, katikati ya mwezi wa tatu, mtoto alikuja mbio ku kalasi yetu katika saa ya Kifaransa, akaomba ruhusa kwa mwalimu, akasema kwa sauti ya chini: “Kapita, iko na tumba tatu.” Mwalimu alitupa dakika tano.

Hapa tunataka kuwaonya juu ya kitabu. Katika biblioteke kuna kitabu cha Kifaransa juu ya maua ya nyumba, nacho kinasema violeti hii iwekwe dirisha la kaskazini wakati wa jua kali, maana dirisha la kaskazini halipati jua. Kwa Ulaya ni kweli: wao wako mbali kaskazini ya ikweta, na saa sita jua lao liko kusini siku zote. Sisi tuko karibu digrii 2 kusini ya ikweta. Kwetu jua linapita juu ya vichwa mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya mwezi wa tatu na tena karibu na mwisho wa mwezi wa tisa. Kati ya hapo, mwezi wa sita, jua liko kaskazini. Desemba liko kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini ambalo kitabu kinalisifu, kwetu linaweza kuingiza jua mwezi wa sita, hasa asubuhi na jioni, wakati lile la kusini liko kivulini. Miezi sita baadaye mambo yanageuka. Anayeweka chungu kaskazini au kusini akiangalie tena kila wakati jua linapovuka. Mashariki na magharibi hayabadiliki sana, na kama una nafasi ya kuchagua, chagua mashariki.

Kitabu kile kinasema pia mengi juu ya siku fupi za baridi, na taa za mirija ya neoni ambazo watu wa Ulaya wanawasha juu ya maua saa 12 au zaidi kwa siku. Hilo tunaweza kuruka. Kwetu mchana una saa 12 karibu mwaka mzima, bila kulipa umeme, na usiku unaobaki ua linauhitaji pia. Kinachotupunguzia mwangaza sisi ni mambo mengine: mti uliokua mbele ya dirisha, ukuta wa giza, na vioo ambavyo havijaoshwa tangu likizo. Tulipoosha vioo vya biblioteke maji ya kwanza yalitoka mekundu.

Alama za majani tumekwisha kuzitaja njiani. Tuongeze mbili ambazo zinadanganya. Madoa meupe au ya manjano, yenye umbo la matone au pete, mara nyingi si jua. Ni maji baridi yaliyomwagwa juu ya majani. Majani ya manyoya hayapendi hivyo. Maji yakae kwanza chumbani yapate joto la chumba, na yamwagwe katika udongo, au katika sahani chini ya chungu kwa nusu saa, kiisha yanayobaki yatupwe. Na majani yanayolegea, mutu anasema mara moja “kiu”. Tieni kidole. Kama udongo umelowa na majani yamelegea, mizizi inaoza. Mmea wa kivulini unakunywa polepole sana, sababu haufanyi kazi nyingi, na maji yanalala katika chungu. Ndivyo amri yetu ya kuongeza maji ilivyokaribia kuua kile ambacho giza lilikuwa limedhoofisha tu.

Chungu kigeuzwe robo moja kila juma, la sivyo mmea utainama upande mmoja na maua yatatazama inje, yakiwapa ninyi mgongo.

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka tulikwenda kwa Bwana wa nizamu, tukaomba zile adhabu mbili zifutwe katika kitabu chake. Alisema ya kwamba majani yamekwisha kukatwa na hawezi kuyarudisha, lakini alifuta. Nyuma ya vyoo tulikata sisi, jumamosi mbili, na baadhi yenu mlitupigia vigelegele kutoka dirishani. Si neno.

Mgonjwa wa zamani anabaki biro. Leo ana maua kumi na moja. Chungu cha chumba cha kulia kinabaki na chandarua chake, na tunaomba watu wa zamu wasikitumie kupangusa meza. Chungu cha kabati tumekishusha. Kinakaa sasa biblioteke kwenye meza ndogo chini ya dirisha, baada ya Bwana Prefe kuruhusu matawi mawili ya avoka yakatwe. Kile cha barazani kimerudi kwa Mama ili kipone. Mtoto wa mwaka wa pili alichukua jani moja la chungu cha biro na kulichomeka katika kopo, nalo liko dirishani ku dortwari ya wadogo, upande wa mashariki. Litahitaji miezi mingi kabla ya kuchanua, na sisi wakati ule tutakuwa tumekwisha kuondoka hapa. Siku ya kuligeuza ni siku ya kwanza, baada ya kengele ya asubuhi.